Atacama Crossing: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kilomita 250 za jangwa la juu

Ni mbio za namna gani hasa?

Ni takriban kilomita 250 kwa miguu katika jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, zikigawanywa katika awamu 6 ndani ya siku 7. Mwandaaji ni RacingThePlanet, walioanza na mbio za jangwa la Gobi nchini China mwaka 2003 na kuleta mbio zao Atacama mwaka 2004. Awamu nne za kwanza ni kama kilomita 40 kila moja. Ya tano hukaribia 80. Inafuata siku ya mapumziko, ambayo ni mapumziko kwa aliyefika jioni. Wengine huingia kambini alfajiri ya siku hiyohiyo. Awamu ya mwisho ni kama kilomita 10 tu, hadi mji mdogo wa San Pedro de Atacama.

Kambi ya kwanza huwa juu ya mita 3,000. San Pedro uko mita 2,400. Kwa hiyo kwa ujumla wiki nzima unateremka, ingawa miguu yako haitaamini hivyo kila siku.

“Kujitegemea” kunaishia wapi?

Mwandaaji anakupa maji, nafasi kwenye hema la pamoja, maji ya moto kambini, madaktari, na njia iliyowekewa alama. Vingine vyote viko mgongoni kwako tangu siku ya kwanza: chakula cha wiki, begi la kulalia, nguo, taa, dawa, karatasi ya chooni. Hakuna begi la pili linalokufuata kwa gari. Ukisahau kijiko, utakula kwa kifuniko cha chupa.

Kinachowatoa watu mbioni ni joto, sivyo?

Wengi hujiandaa kwa joto tu, na hapo ndipo wanapokosea. Joto lipo, mchana linaweza kupita nyuzi 30, lakini hewa ni kavu mno na kivuli kikipatikana kinapooza kweli. Wanaoishia njiani mara nyingi huishia kwa mambo matatu: walikimbia siku ya kwanza kana kwamba wako usawa wa bahari, walibeba begi zito, au waliacha lengelenge dogo la siku ya pili likue. Baridi nayo husahaulika. Usiku wa kwanza kipimo kinaweza kukaribia sifuri, na mtu aliyekosa usingizi anaamka na uchovu uleule aliolala nao.

Naishi Dar (au Mombasa, au Muscat). Mwinuko utanifanya nini?

Kwenye mita 3,200 mgandamizo wa hewa ni kama theluthi mbili tu ya ule wa pwani. Kila pumzi inaleta oksijeni pungufu, moyo unapiga haraka zaidi kwa kasi ileile, na kasi unayoiita “ya starehe” huko Oysterbay inakuwa kasi ya mashindano. Usiku unaweza kushtuka ukidhani umeacha kupumua. Kupumua kwa mawimbi namna hiyo usingizini ni kawaida kwenye mwinuko, wala si dalili ya hatari peke yake.

Dawa ya kweli ni siku. Fika San Pedro siku 4 au 5 kabla ya kuanza. Siku mbili za mwanzo tembea tu, halafu kimbia taratibu dakika 40. Siku moja panda mchana hadi mita 3,000 na zaidi, kisha urudi kulala mjini. Asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, husaidia baadhi ya watu, lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, ina masharti kwa wenye mzio wa dawa za salfa, na hukufanya ukojoe zaidi mahali ambapo maji ni hesabu. Usiijaribu kwa mara ya kwanza kambini.

Anayeishi Iten, mji wa wakimbiaji kwenye nyanda za juu za Kenya, ana bahati: Iten na San Pedro ziko karibu usawa mmoja. Lakini mtu wa pwani akienda kukaa Iten wiki mbili, akarudi kwao, kisha akasubiri mwezi mzima ndipo asafiri, faida kubwa ya damu na pumzi imeshapungua. Ipange kambi hiyo iishie karibu na safari, au fedha hiyo uilipie siku za ziada San Pedro.

Nikimbie kwa kasi gani siku mbili za kwanza?

Kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, tembea. Kila kilima tembea, hata kile unachokionea aibu. “Pole pole” ya Kilimanjaro ni sheria huku pia, tofauti ni kwamba hapa hakuna mwongoza njia wa kukukumbusha.

Kichwa kinauma na natapika. Ni mwinuko, jua au maji?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, kwa sababu hali tatu tofauti huanza na dalili zilezile, na tiba ya moja huiharibu nyingine.

*Upungufu wa maji.* Mkojo ni kidogo na rangi ya chai, mdomo umekauka, unaposimama kizunguzungu. Ukikaa kivulini na kunywa maji yenye ORS (unga wa chumvi na sukari) taratibu, ndani ya saa moja unaona nafuu.

*Maji mengi kuliko chumvi.* Vidole vimevimba, pete haitoki, saa inabana mkono, tumbo linacheza kama dumu lililojaa nusu. Mtu huyu amekunywa kwa bidii kila kituo cha maji kwa sababu aliambiwa “kunywa sana jangwani”. Akiongezewa maji matupu anaweza kuchanganyikiwa na kupata degedege. Asinywe zaidi, apewe kitu chenye chumvi nyingi na apelekwe kwa daktari.

*Ugonjwa wa mwinuko.* Huja zaidi siku ya kwanza na ya pili, huwa mbaya usiku na asubuhi, hamu ya chakula hupotea, na maji hayabadilishi kitu. Dalili zikiwa ndogo, pumzika na usipande zaidi hadi ziishe.

Kuna dalili ambazo hazisubiri uchambuzi: kuchanganyikiwa, kuyumba unapojaribu kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine, kukosa pumzi ukiwa umekaa, au kikohozi chenye povu. Mtu akionyesha hata moja ya dalili hizi, puliza filimbi na umwite daktari. Ateremshwe. Mwenye dalili hizi haamui mwenyewe kama ataendelea.

Ninywe kiasi gani basi?

Kwa wengi, mililita 500 hadi 800 kwa saa, kwa kufuata kiu, zaidi mchana na pungufu asubuhi. Vituo viko kila kilomita 10 hivi, lakini kilomita 10 za uwanda wa chumvi au mchanga zinaweza kula saa tatu. Uwe na uwezo wa kubeba lita 2.5. Jaza kwa kuangalia ardhi iliyo mbele. Umbali peke yake utakudanganya.

Jasho hutaliona. Linakauka kabla halijatiririka, na ushahidi pekee ni mistari myeupe kwenye fulana. Chumvi unayoipoteza irudishe: miligramu 300 hadi 600 za sodiamu kwa saa ni mwanzo mzuri. Hapa pakiti ya kawaida ya ORS ya duka la dawa inafaa kuliko watu wanavyodhani. Pakiti ya lita moja ina takriban miligramu 1,700 za sodiamu, kwa hiyo nusu pakiti kwa lita inakupa kama 850, na ladha inavumilika. Ni nyepesi, ni rahisi, na inapatikana hata Mbinga.

Dawa za maumivu?

Parasetamoli, gramu 1 kila baada ya saa 6 au zaidi, usipite gramu 4 kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni ziache nyumbani, hata kama ndizo unazomeza kila baada ya mazoezi. Figo iliyokauka, inayosafisha mabaki ya misuli iliyochakaa, haitaki dawa hizo juu yake.

Begi liwe na kilo ngapi?

Lenga kilo 8 bila maji. Ukiwa na lita 2 linakuwa 10. Wanaoanza na 13 wapo kila mwaka, nao hutambulika kwa namna wanavyovishikilia vile vikamba vya mabegani.

Hesabu ya begi la kilo 8 huwa hivi: begi lenyewe la lita 25 hadi 30 gramu 700, begi la kulalia la manyoya ya bata linalostahimili nyuzi sifuri 700, godoro jembamba 350, jaketi la manyoya 300, jaketi la mvua 200, nguo nyingine, kofia ya baridi na glovu 450, taa mbili na betri 200, vitu vya usalama vya lazima (dira, filimbi, kioo, kisu, mfuko wa dharura na taa nyekundu ya kumetameta) 600, dawa na vifaa vya miguu 300, losheni ya jua, karatasi na sabuni ya mikono 250, kikombe na kijiko 100, ndala za kambini 100. Jumla kilo 4.25. Chakula kilo 3.6. Basi.

Pima kila kitu kwa mizani ya jikoni na uandike. Uzito hauji kwa vitu vikubwa. Unakuja kwa “hiki ni kidogo tu” mara ishirini. Orodha ya lazima haijadiliwi: hukaguliwa kabla ya kuanza, na kukosa kitu kunaweza kukugharimu adhabu ya muda au kuzuiwa kabisa.

Chakula: ni kalori ngapi, na za nini?

Kanuni inataka angalau kalori 2,000 kwa siku, yaani 14,000 kwa wiki. Utatumia zaidi ya hizo, na utapungua uzito, hilo halikwepeki. Mpango wa kalori 16,000 hadi 17,000 ni wa wastani mzuri. Kipimo cha kuangalia ni kalori kwa gramu: wastani wako usishuke chini ya 4.5.

Siku ya kawaida inaweza kuwa hivi. Asubuhi, oti za kulowekwa gramu 100 na maziwa ya unga gramu 40. Njiani, kashata gramu 100, karanga za kukaanga gramu 60, na unga wa kinywaji cha nguvu gramu 80. Ukifika, kinywaji cha protini gramu 50. Jioni, mlo uliokaushwa wa gramu 130, ukiongezewa mafuta ya zeituni gramu 20. Hapo una kama kalori 2,700 kwa gramu 580. Siku ya kilomita 80 ongeza hadi 3,300. Siku ya mapumziko 2,000 zinatosha, na asubuhi ya mwisho kifungua kinywa tu.

Karanga zina karibu kalori 600 kwa gramu 100. Tende, tunazozipenda, hazifiki 300, kwa sababu karibu hazina mafuta, na kama moja ya tano yake ni maji, nawe unayabeba. Weka chache kwa ajili ya moyo, si kwa ajili ya hesabu.

Changanya chumvi na sukari. Siku ya tatu ulimi hukataa vitamu ghafla, na mtu aliyebeba jeli 40 za ladha ya chungwa huanza kuzunguka kambini akitafuta wa kubadilishana naye.

Naweza kusonga ugali kambini?

Hapana. Unapewa maji ya moto, hupewi jiko. Na hata ungekuwa na jiko: kwenye mita 3,200 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, San Pedro kama 92. Sembe itabaki na ladha ya unga mbichi na itachukua muda na gesi nyingi. Chukua vinavyoiva kwa kulowekwa: kuskusi, viazi vya unga, tambi za haraka zilizovunjwavunjwa ndani ya mfuko, uji wa unga uliopikwa tayari kiwandani. Vipe dakika 5 zaidi ya zilizoandikwa kwenye pakiti, ukiwa umevifunga ndani ya kofia ya sufu visipoe.

Forodha ya Chile itaniruhusu kuingia na chakula changu?

Soma hili mara mbili. Idara yao ya kilimo na mifugo, SAG, ni kali sana. Matunda mabichi, mbegu mbichi, asali, nyama iliyokaushwa kienyeji na maziwa visivyo na kibali huchukuliwa, na asiyetangaza hutozwa faini. Jaza fomu na utangaze *kila* chakula, hata kile unachojua kinaruhusiwa. Ukitangaza kisichoruhusiwa, kitatupwa na utaendelea na safari. Usipotangaza, ni kesi.

Kilicho salama zaidi ni vyakula vya kiwandani, kwenye pakiti zilizofungwa na zenye maelezo ya viungo. Kwa hiyo usivitoe kwenye pakiti zake ili kupunguza uzito kabla ya kuvuka mpaka. Fanya kazi hiyo hotelini. Karanga, maziwa ya unga na chokoleti nunua Santiago. San Pedro vinapatikana, ila kwa bei ya mji wa watalii.

Viatu na miguu: nijiandae vipi?

Nunua viatu vikubwa kwa nusu saizi hadi saizi nzima, kwa kuwa miguu huvimba. Soli iwe ngumu. Gaita, yaani vile vifuniko vya kitambaa vya kuzuia mchanga, zishonewe velkro kuzunguka kiatu chote na fundi viatu; gundi peke yake hubanduka kwa joto na maji. Mpelekee fundi viatu hivyo mwezi mmoja kabla, uvijaribu ufukweni, kwa sababu sindano ikiingia ndani sana hukaza kitambaa na kubana kidole gumba.

Siku za mwanzo njia hupita makorongo yenye mto, na utavuka maji mara nyingi. Usipoteze muda kuvua viatu kila kivuko. Pita navyo, kisha kituo kinachofuata vua, kausha katikati ya vidole, toa kila punje ya mchanga, paka mafuta mazito, vaa soksi kavu. Soksi zilizolowa zining'inize nje ya begi. Hewa ya huku huzikausha haraka.

Lengelenge: simama linapowasha, usisubiri lichome. Safisha ngozi, toboa kwa sindano iliyosafishwa na spiriti sehemu mbili pembeni kwa chini, kamua, *usichune* ngozi ya juu, paka dawa ya kuua vijidudu, acha ikauke kabisa, kisha bandika plasta pana iliyokatwa pembe zikawa mviringo. Pembe kali hukunjika, na mkunjo mmoja huzaa lengelenge la pili.

Ule uwanda wa chumvi ni mbaya kama wanavyosema?

Ni mbaya zaidi, lakini si kwa sababu wanayosema. Si joto, ni sakafu. Fikiria ukoko wa wali uliokauka chini ya sufuria, uliochongoka, mgumu juu na wazi chini, umetandazwa hadi upeo wa macho. Hatua moja inashika, ya pili inavunja na mguu unazama hadi kifundo, ya tatu inateleza. Huwezi kupata mdundo. Anayekimbia kilomita 9 kwa saa barabarani anajikuta akienda 4, na anaanza kukasirika, na mtu aliyekasirika hatazami anapokanyaga.

Tumia fimbo mbili. Fupisha hatua, nyanyua goti, kanyaga kwa unyayo mzima. Fuata nyayo za waliotangulia mahali walipokwisha kuvunja ukoko. Vaa glovu nyembamba, maana ukianguka chumvi inakata kiganja na kuingia kwenye kidonda papo hapo. Na miwani iwe ya giza la daraja la 3 au 4, inayofunika pembeni: mwanga unakujia kutoka juu na kutoka chini.

Ngozi nyeusi inahitaji losheni ya jua?

Ndiyo. Kinga ya 50, kila baada ya saa mbili, pamoja na masikio, shingo ya nyuma na chini ya pua. Midomo ipakwe yake maalumu. Ndani ya pua paka mafuta ya mgando asubuhi na usiku, la sivyo siku ya tatu utaanza kutoka damu.

Nikipotea?

Njia ina bendera ndogo za waridi, na usiku wa awamu ndefu huongezewa vijiti vya mwanga. Ukitembea dakika 5 bila kuona bendera, simama na urudi hadi ile ya mwisho uliyoiona. Usikate njia kuelekea pale unapodhani ipo. Volkano ya Licancabur, mita 5,916, inaonekana karibu kila mahali na inafaa kwa kujua mashariki, ila ukubwa wake unadanganya: inaonekana ya kutembea nusu saa.

Nifanye mazoezi gani?

Miezi 6 kwa mtu ambaye tayari amemaliza marathoni. Cha muhimu ni siku mbili ndefu mfululizo, kwa mfano kilomita 30 Jumamosi na 25 Jumapili. Begi lianze na kilo 3 na liongezeke kilo moja kila wiki mbili hadi 8. Usikimbie na kilo 8 zaidi ya mara moja kwa wiki. Ukizidisha, nyonga na nyayo huumia. Tembea kwa makusudi pia, kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa, kwa sababu wengi wataitembea nusu ya mbio hizi na hawajawahi kufanya mazoezi ya kutembea. Mara moja angalau lala nje na vifaa vyako vyote, ule kile utakachokula.

Gharama?

Ada pekee ni maelfu ya dola, kabla ya nauli, bima ya kuokolewa, vifaa na hoteli. Suala la viza lianze kushughulikiwa mara tu unapojisajili.

Nafikaje?

Ndege hadi Santiago, nyingine ya saa mbili hivi hadi Calama, kisha gari kama saa moja na nusu hadi San Pedro. Begi la mbio liwe mkononi mwako kwenye ndege, isipokuwa kisu na fimbo. Sanduku likipotea Sao Paulo, nguo utanunua. Viatu vyenye velkro ya fundi wako hutavipata.

Naweza kusafiri jioni ileile ninapomaliza?

Inawezekana, ila utajuta. Miguu huvimba kwa siku mbili tatu, na saa nyingi za kukaa kwenye ndege baada ya wiki ya kukauka huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Lala San Pedro usiku mmoja au miwili, unywe, ule, utembee kidogo. Na kwenye sanduku unaloliacha hotelini weka ndala pana kuliko zako za kawaida, maana siku hiyo hakuna kiatu kitakachoingia.